Manjano Yale Hayakuwa Uzee

Simu ilinikuta na pini mdomoni. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nashonea hapa hapa nyumbani Chumbageni, Tanga, na ulikuwa ule msimu ambao wazazi wote wanagundua kwa pamoja kwamba watoto wamerefuka. Sikuwa na nafasi ya salamu ndefu. Nikazitema pini kiganjani, nikasema, "Haya, sema."

"Shikamoo, mama mdogo. Nimeposwa."

Aliyekuwa akizungumza ni binti wa marehemu dada yangu, mtoto wake wa pekee. Dada alifariki siku ile ile aliyomzaa, na baba wa mtoto, ambaye ni mtu wa ng'ambo ya Horohoro, upande wa Kenya, alimchukua mwanawe akamlea kwao. Baadaye akaoa tena. Mke aliyemuoa ni mwanamke mwema, alimlea yule mtoto kwa mapenzi, lakini huwezi kutundika ukutani picha ya mke wa kwanza halafu umtegemee wa pili aipanguse vumbi. Basi mtoto akakua na picha moja tu ya mama yake, ndogo, ya kitambulisho cha shule, nyeusi na nyeupe, dada amekaza uso kama anayesubiri viboko. Huyo ndiye mama aliyemjua.

"Mama mdogo, mimi sitaki zawadi," akaniambia. "Vyombo sitaki, kanga sitaki. Nasikia nyanya ana picha za harusi ya mama, zile za ndani. Nataka nimwone mama yangu akiwa bibi harusi, kabla sijaolewa mimi. Nimwone anacheka."

"Kwanza huyo si nyanya, ni bibi," nikamjibu. "Kwetu nyanya inatiwa kwenye mchuzi."

Nilitia mzaha nisije nikalia. Halafu nikamwambia inshallah utamwona, nikaahidi kama ninavyoahidi sare ya Jumatatu wakati kitambaa bado kiko dukani.

Picha za ndani ni zile zinazopigwa chumbani, wanawake peke yao, siku ya kumsinga bibi harusi. Siku hiyo bibi harusi anakaa mkekani kichwa wazi, mabega wazi, anapakwa singo ya kusugulia ngozi na dalia ya kunukia, anachekwa na kufundwa. Kazi hiyo ni ya somo yake, yaani kungwi wake, na wanawake waliokwisha olewa. Mwari ambaye hajaolewa haingii, ndiyo maana mimi siku ya dada niliishia jikoni nikikuna nazi na kusikia vicheko kupitia ukutani. Mama mzazi naye haingii, ni aibu yake na ya mwanawe. Na mwanamume ndiyo usiseme. Zamani hapa mjini palikuwa na studio ambayo mke wa mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimamia mashine ya kusafishia, na wanawake wote wa Chumbageni na Ngamiani walimpelekea filamu zao mkononi, yeye peke yake azione. Yule mama ameshatangulia mbele ya haki na studio siku hizi wanauza rangi za nyumba.

Nikamwendea mama yangu uani, alikuwa akichagua mchele. Nikamweleza. Akaacha mchele, akaingia ndani, akafungua sanduku lake, akaja na albamu na kopo la biskuti.

Albamu ilinitia hasira tangu naifungua. Ilikuwa ya zile kurasa za gundi zenye karatasi ya nailoni juu, na hewa yetu hii ya chumvi, inayokula bawaba na kuotesha ukungu kwenye viatu, ilikuwa imepikia humo mchuzi wake. Picha nyingi zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu na manjano kama zimemwagiwa chai. Ile ya dada kwenye mkeka ilikuwa imegandana na nailoni. Nikaibandua taratibu, wallahi taratibu kuliko ninavyofumua zipu, na bado nusu ya uso ikabaki kwenye nailoni na nusu kwenye karatasi.

Mama akaisogeza albamu kando. Akalifungua lile kopo. Ndani mlikuwa na filamu zenyewe, negativu, zimekatwakatwa vipande na kuviringishwa kwenye karatasi laini. Tukainua kimoja dirishani. Weupe umekuwa weusi, meno meusi, macho meupe, kila mtu kageuka jini. Lakini walikuwa wazima. Hakuna kilichogandana.

"Zipeleke zikatolewe," mama akasema. "Lakini nakwambia mapema. Mwanamume akimtazama mwanangu kichwa wazi, radhi zangu huna."

Mama yangu hatumii neno radhi ovyo. Nikajua nimebebeshwa mzigo wenye kona nne.

Duka la picha ninaloliamini liko Ngamiani, la jamaa mmoja mtu mzima, Msambaa, aliyekulia Maramba ambako baba yake alikuwa akifanya kazi shambani kwa wazungu wa mkonge. Nampelekea wateja, naye ananiletea machungwa akitoka kwao. Nikamkuta anampiga mtu picha ya pasipoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una mashine ya kuingiza filamu za zamani kwenye kompyuta?"

"Ipo. Skana ina taa kwenye kifuniko. Lete, kesho uje uchukue."

"Huwezi kuzitazama."

Akacheka. Nikamweleza. Akawaza kidogo, akasema, "Mama, mimi ni Mlutheri, hao hata siwajui. Sitawatazama vibaya."

"Mlutheri hana macho?"

Nami nikaanza kufunga mkoba wangu kwa kelele, kama ninavyofanya nikitaka mtu aone nimeudhika. Ndipo akasema: chumba cha nyuma kina mlango wa pazia. Skana na kompyuta na printa vyote viko huko. Yeye atakaa mbele kwenye kiti chake, anipe mgongo, na mimi nitakuwa ndani namsomea kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, yeye ananiambia nibonyeze wapi.

"Mimi nimezoea pedali ya cherehani," nikamwambia.

"Hata mimi nimezoea kuona ninachokifanya," akanijibu. "Leo tutaumia wote."

Basi tukaanza, na kama kuna mteja aliyeingia siku ile kutaka kutoa nakala, atakuwa amekwenda kusimulia. Jamaa kakaa peke yake anaongea na barabara, na nyuma ya pazia mwanamke anamjibu kwa ukali.

"Umeandikiwa nini?"

"Maneno mengi."

"Soma la kwanza, mama."

Akanitaka nianze na picha za karatasi, zile zilizobadilika rangi ambazo wanawake wamevaa mitandio yao na hazina siri, ili nizoee. Akaniuliza kwanza nazitaka kwa kazi gani. Nikamwambia wewe nifundishe kubonyeza, kazi yake utaijuaje. Akasema hapana, hilo ndilo la kwanza. Picha ya kutuma kwenye simu ina setingi yake, na ya kutundika ina yake. Ukichukua nukta chache kwa kila inchi, sura itapendeza ikiwa ndogo, ukiikuza inamomonyoka. Ukichukua nyingi bila sababu, kompyuta itakaa inahema mpaka adhuhuri. Picha za karatasi tukaziwekea nukta mia tatu. Hapo nikaelewa, maana ni kama kupima kitambaa: humkatii mtoto wa chekechea shati la mwalimu mkuu, lakini unaacha pindo, maana atakua.

Palikuwa na kisanduku kingine, cha kurudisha rangi. "Kibonyeze hicho," akasema kutoka mbele. "Picha ikizeeka inaingia manjano. Mashine yenyewe inajua, inayatoa."

Nikabonyeza. Ile picha iliyokuwa kama imemwagiwa chai ikajitikisa mara moja na rangi zikarudi: kanga ya buluu ikawa buluu, ukuta ukawa mweupe, shangazi zangu wakapata nyuso zao. Nilishika mdomo. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeamini vitu vikishaharibika vimeharibika, na hapa kisanduku kidogo tu kinanikanusha. Nikakipenda kile kisanduku kama mtoto wangu. Nikakibonyeza kwenye kila picha iliyofuata.

Halafu tukaingia kwenye filamu. Akanieleza jinsi ya kuitia kwenye fremu yake ya plastiki, upande unaong'aa uelekee wapi. Nikataka kuipangusa na pembe ya kanga yangu, ile niliyojifunga kichwani, na sijui alijuaje.

"Usiifute na nguo."

"Nani anaifuta?"

"Kuna kipira hapo mezani. Kibonyeze kitoe upepo, vumbi litaruka."

Kwa filamu alitaka nukta nyingi, elfu tatu na mia mbili, kwa sababu filamu ni ndogo kama kidole gumba na yote iliyomo inabidi ifumuliwe. Kisanduku cha kufuta vumbi akaniambia nikiweke chini kabisa, maana kikizidi kinakula na vitu vidogo ambavyo si vumbi. Cha fremu nikakiacha mashine ijipimie yenyewe mwisho wa picha. Na kile kipenzi changu cha rangi, nikakibonyeza bila kuulizwa.

Skana ikavuta taa yake polepole. Nikasubiri. Halafu dada yangu akatokea.

Alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimeinama kidogo, anacheka kwa meno yote, na lile jino lake la pembeni lililopanda juu ya mwenzake, ambalo alikuwa akilificha kwa mkono, siku hiyo hakulificha. Asumini kichwani. Ngozi safi, nyororo, nyeupe kama ya mtu wa kwenye tangazo la sabuni. Nililia pale pale. Mwenye duka akaniuliza kama nimebonyeza vibaya, nikamwambia hapana, nyamaza tu.

Baadaye akanielekeza namna ya kuihifadhi mara mbili, moja nzito ya kukaa na moja nyepesi, zote kwenye fulashi yangu, na namna ya kuifuta kwenye kompyuta yake mpaka kwenye pipa la taka. Nikachapisha moja kwenye karatasi nzuri. Nikarudi nyumbani nikitembea kama niliyeshinda kesi.

Mama alikuwa barazani. Nikampa ile picha, nikasimama nikisubiri kushukuriwa.

Akaitazama. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akaiweka mapajani ikiwa imelala kifudifudi.

"Huyu siye," akasema.

Nikadhani macho yake. Nikamwambia mama, vaa miwani. Akasema ameivaa. Nikamwambia mama, mimi nimekaa na ile mashine tangu asubuhi, nimegombana na mtu wa watu, mgongo unaniuma, na huyo ni binti yako, tazama jino. Sauti ilinipanda, na ikinipanda huwa haishuki kwa ngazi. Jirani akachungulia.

Mama akaningoja nimalize. Halafu akasema polepole, "Jino ni lake. Lakini mbona mmemkosha?"

"Kumwosha vipi?"

"Siku ile mwanangu alikuwa manjano. Dalia tangu utosini mpaka kwenye kucha. Hapa hana hata chembe. Ngozi imetakata, imepauka, asumini kichwani." Akafuta miwani kwa pembe ya kanga. "Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa hivi hivi. Wameshamkosha, wameshamtia maua. Mmenirudishia maiti. Ukampe mtoto hii, akamwone mama yake hivi?"

Nilikaa chini kwenye baraza. Mimi mwenyewe niliposwa, nikasingwa, nikapakwa dalia mpaka nyuma ya masikio, na shuka la wiki ile halijatoka manjano mpaka leo. Nikasahau. Nilivyoona picha za karatasi zimeingia manjano kwa uzee, nikayaona manjano yote kuwa ni uzee. Na ile mashine, maskini, haijawahi kuhudhuria harusi ya Tanga. Ilikuta mwanamke wa manjano ikaona ni kosa, ikamsafisha kwa nia njema kabisa.

Siku ya pili sikwenda peke yangu. Mama alisema anakuja, akavaa buibui, akachukua mkoba, na ndani ya mkoba akatia kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Sikumuuliza. Mwenye duka alipomwona alisimama kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwosha binti yangu?"

Yule mtu akanitazama mimi kama anayeomba mkalimani. Nikamweleza habari ya dalia. Akashika kichwa. Akasema yeye alijua manjano ya uzee tu, kwao Maramba bibi harusi wanampaka mafuta na yamekwisha. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza tangu Chumbageni, nilikuwa nimeyapanga maneno kabisa, lakini ningemgombeza kwa lipi? Mtu nimemfunga macho mwenyewe halafu nimlaumu hakuona. Maneno yangu mazuri yote yakapotea bure.

"Si kitu," mama akamwambia. "Mchele mmoja, mapishi mengi. Tupike upya."

Mwenye duka akakaa kwenye kiti chake, akatugeuzia mgongo. Tukaingia nyuma ya pazia, mama kando yangu kwenye stuli.

"Kwanza toa alama kwenye kisanduku cha rangi," akasema kutoka mbele. "Mashine isijue chochote. Sasa wewe ndiye utakayeiambia rangi ni ipi. Kuna kialama mfano wa bomba la dawa ya macho, umekiona? Ukikigusisha kwenye kitu ambacho siku ile kilikuwa cheupe, cheupe kweli, mashine itazipanga rangi nyingine zote kufuatana na hicho. Tafuteni kitu cheupe."

Nikatafuta. Dada alikuwa amefungwa kanga kifuani, na ardhi ya kanga, ile rangi ya chini ya maua, ilikuwa nyeupe. Nikagusa hapo. Picha nzima ikaingia buluu, kila mtu akawa kama aliyetoka kwenye jokofu.

"Kanga ile ilishalowa dalia," mama akasema. "Haikuwa nyeupe tena. Gusa hapa."

Akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya picha, ambako kulikuwa na kitu cha mviringo nilichokuwa sijakitia maanani. Halafu akafungua ule mkoba, akakunjua kitambaa, akatoa bakuli. Bakuli la bati lenye rangi nyeupe na ukingo wa buluu, limebanduka mahali pawili patatu. Nimelijua maisha yangu yote, tunalitilia unga. Sikujua kwamba ndilo lililochanganyiwa dalia ya dada.

Nikaligusa bakuli kwenye kioo, kwenye weupe wa ndani, chini kidogo ya ukingo, ambako dalia haikufika.

Rangi zikasogea. Ukuta ukawa wa chokaa yetu ile ile. Midomo ya wanawake ikapata damu. Na dada yangu akawa manjano, manjano yaliyoiva, mabegani, shingoni, kwenye paji la uso, kwenye vidole alivyovipakata mapajani, na katikati ya manjano yale meno yake yakicheka. Alikuwa mtu wa joto. Ungeweza kumnusa.

Mama akasema, "Alhamdulillahi. Huyu ndiye."

"Imekuwaje?" mwenye duka akauliza kutoka mbele.

"Imekuwa manjano," nikamwambia.

"Basi imeharibika?"

"Imepona."

Akacheka peke yake huko mbele. Halafu akakumbuka jambo. Akaniuliza kama fremu niliiacha mashine ijipimie. Nikamwambia ndiyo. Akasema mashine hukata pembeni, na hata wale wa studio za zamani walikuwa wakikata pembeni wakichapisha, kwa hiyo filamu ina picha kubwa kuliko karatasi. "Fungua fremu mpaka uone ule ukingo mtupu wa filamu. Huenda kuna kitu."

Nikaivuta. Upande wa kulia picha ikaongezeka kidogo, upana wa pindo tu, na kwenye pindo lile palikuwa na mkono. Mkono wa mtu aliyesimama nje ya picha, umepakwa dalia kiganja kizima, umewekwa juu ya bega la dada. Uso wa mwenyewe hauonekani. Ni mkono na bangili moja.

Mimi ni mtu wa mishono, sipendi kipande kinachoning'inia. Nikasema, "Huu tuukate, unaharibu."

Mama akanishika kiwiko kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Uache."

"Wa nani?"

"Uache, nimekwambia. Nitamwambia mtoto mwenyewe akija."

Nikauacha. Tulichapisha picha ile kubwa, ikatoka kwenye printa mstari kwa mstari, kwanza asumini, mwisho bakuli, na mama akaipokea kwa mikono miwili kabla haijaanguka kwenye sahani yake. Tukafuta kila kitu kwenye kompyuta. Mwenye duka hajaiona mpaka leo. Aliniuliza tu kama dada alikuwa mzuri, nikamwambia sana, akasema pole, na hongera.

Habari ya pazia ikatembea kuliko tulivyofikiri. Wanawake wenzangu wana makopo yao ya biskuti, kumbe, wengi wao, yako chini ya masanduku na wala hawakuwa na pa kuyapeleka. Sasa Jumanne chumba kile cha nyuma ni cha wanawake. Mwenye duka anakaa mbele, mimi nakaa ndani, na sihitaji tena kuelekezwa. Kisanduku cha rangi sikigusi mpaka nimemuuliza mwenye picha: siku hiyo ulipakwa nini, ulivaa nini, na kipi kilikuwa cheupe kweli. Wanakumbuka. Utashangaa wanavyokumbuka.

Mtoto wa dada akafika na ndugu zake kwa kupitia Horohoro, akalala kwetu, kwa sababu alitaka asingwe katika nyumba alimosingwa mama yake. Ni mrefu, ana sauti ya baba yake, na maisha yake yote ameambiwa amefanana na upande wa baba. Siku ya kumsinga tukakusanya simu zote mlangoni ndani ya kikapu, kama ilivyo desturi sasa, maana simu moja tu ikiingia, kesho mabega ya mtoto wa watu yako mtandaoni. Wanawake wakaingia, mkeka ukatandikwa, singo ikaja, na dalia ikaja ndani ya lile bakuli la bati. Nilikuwa humo ndani safari hii. Mama naye aliingia, na hakuna aliyemzuia. Bibi ni mtani wa mjukuu, hana mwiko.

Kabla somo hajaanza, nikampa mtoto bahasha.

Alitoa picha akaitazama muda mrefu. Wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja mmoja. Niliogopa. Mkono wake ulipanda mdomoni kufunika meno, na hapo ndipo nilipoona, kwa kuwa alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, kwamba jino lake la pembeni limepanda juu ya mwenzake. Hakuwahi kuambiwa limetoka wapi. Nikamshusha mkono. Nikamwambia, "Usilifiche. Mwenyewe siku hiyo hakulificha."

"Ni wa manjano," akasema.

"Na wewe sasa hivi utakuwa hivyo hivyo."

Akapitisha kidole juu ya picha, juu ya nywele, juu ya bega, kikafika pembeni kikasimama. "Na huu mkono ni wa nani?"

Mama akajikokota mkekani mpaka karibu yake.

"Ni wangu, mjukuu wangu. Sikuruhusiwa kuingia. Nilijiiba. Nikachovya dalia, nikamshika mara moja tu, somo yake akaniona akanifukuza, na wanawake wote wakanicheka. Nilikuwa na hamu naye. Nikasema nitamshika vizuri akishajifungua, arobaini ikiisha."

Mama akavuta lile bakuli, akatia mkono wake ndani, mkono uliokunjamana sasa, akaujaza dalia kiganja kizima, akauweka juu ya bega la mtoto, pale pale. Baada ya muda akataka kuuondoa ili somo aanze kazi yake. Mtoto akaushika kwa juu.

"Usiutoe, nyanya."

"Siutoi," mama akasema. "Leo hakuna wa kunifukuza."